Nusu Sauti Chini

Kwa miaka thelathini na moja Lesieli hakuwahi kuhitaji kinanda ili kuianzishia kwaya wimbo. Mchungaji akishautaja, yeye alisimama mbele, akafumba macho kidogo kama mtu anayekumbuka jina la jirani, kisha akatoa sauti. Ukienda kuipima kwenye kinanda unaikuta ileile, haijazidi wala haijapungua. Watu wa Pangai, mji mdogo wa visiwa vya Ha'apai, walishazoea. Wageni kutoka mji mkuu, Nuku'alofa, ndio waliokuwa wakimjaribu. Yeye anakaa mezani na sahani yake ya kiazi na nyama ya nazi, mmoja anagonga glasi kwa kijiko nyuma ya kisogo chake na kuuliza, "Na hii je, mwalimu?" Naye, bila kugeuka: "Hiyo B. Na glasi yako ina ufa, usije ukajikata."

Sikio hilo alilirithi kwa baba yake, Maikolo, aliyekuwa mwalimu wa kwaya ileile kabla yake. Kurithi huko ndiko kulikomtia hofu maisha yake yote, ingawa hakumwambia mtu. Maana ugonjwa wa Maikolo ulianzia kwenye sauti. Jumapili moja alitoa sauti isiyo yake, kwaya ikachekacheka, naye akacheka pamoja nao. Jumapili nyingine tena. Haikupita miaka mitatu, mzee yule aliyejua nyimbo mia sita kwa kichwa akawa anamtazama Lesieli anayemlisha uji na kumuuliza kwa adabu, "Samahani binti, wewe ni wa nani?"

Sasa Lesieli alikuwa na miaka hamsini na nane. Baba yake alikuwa na hamsini na tisa kwaya ilipomcheka.

Mwezi wa Machi kanisa lilimpa kazi aliyoipenda. Katika chumba cha nyuma kulikuwa na maboksi mawili ya kaseti, kwaya za zamani zilizorekodiwa miaka ya sabini na themanini, utepe umeanza kuota ukungu. Zilitakiwa ziingizwe kwenye kompyuta, kisha nyimbo ziandikwe kwa tarakimu, vile kwaya zetu zinavyosoma nota, ili zifundishwe tena. Msaidizi wake alikuwa Ilaisaane, binti wa kaka yake, mwalimu wa sayansi aliyesomea Auckland. Ilaisaane alikuja na programu yake. Unaiwekea wimbo, inausikiliza, halafu inakuandikia ufunguo uliotumika, yaani sauti ambayo ndiyo nyumbani kwa wimbo, na chini ya kila neno inakuwekea kodi, yaani zile sauti tatu nne zinazoimbwa kwa pamoja.

"Sasa mimi na wewe tunafanya nini hapa?" Lesieli alimuuliza siku ya kwanza. "Si tungemwachia huyu tukalale?"

"Shangazi, huyu anasaidia tu. Anabahatisha sana."

"Ana masikio ya ubao. Mwangalie, hapo kaandika besi wanaimba kitu ambacho besi wa Ha'apai hawajawahi kukiimba tangu waumbwe."

Wakacheka. Wiki hiyo alikuwa mchangamfu, kwa sababu lile shavu lake la kushoto, lililokuwa likimchoma kama waya wa umeme kila akitafuna au akipigwa na upepo, lilikuwa limetulia. Alikaa na kompyuta ile kama mtu anayecheza karata na mtoto: inataja ufunguo, yeye anaikosoa, Ilaisaane anaandika.

Jumatatu ya tarehe ishirini na tatu, saa nne asubuhi, wakaweka kaseti ya mwaka sabini na nane.

"Inasema F," alisema Ilaisaane.

"E."

Ilaisaane akainamisha uso. Visiwani huko shangazi, dada wa baba yako, humbishii. Hata ukimkuta anapanda mihogo kichwa chini miguu juu, unamsaidia kushika jembe. Akasogeza kaseti nyuma, akaicheza tena.

"Bado inasema F, Shangazi."

"Basi imekosea. Au walirekodi betri zikiwa zimekufa, kaseti ikaharibika mwendo."

Ilaisaane alichezea kalamu. Alisema taratibu, kana kwamba anaomba radhi, "Lakini wewe na kompyuta mnasikia kaseti ileile."

 Lesieli akainuka, akaenda kwenye kinanda kilichokuwa kando ya ukuta, akabonyeza F.

Ikatoka E.

Akabonyeza C. Ikatoka B. Akapanda funguo moja moja mpaka mwisho, na kila alipobonyeza, kidole kilisema hivi na sikio likasema vile. Kinanda kizima kilikuwa kimeshuka nusu sauti.

"Kinanda nacho kimeharibika," alisema. "Unyevu huu."

"Hiki ni cha umeme, Shangazi," alisema Ilaisaane. "Unyevu haukishushi."

Lesieli alisimama amempa mgongo. Alikuwa akiukumbuka mkono wa baba yake ukibonyeza kinanda kingine, ukirudia sauti ileile mara kumi, mara ishirini, na uso wake ulivyokuwa. Akakunja midomo ikawa tabasamu, ndipo akageuka.

"Umefaulu," alisema. "Nilikuwa nakujaribu kama utaniogopa. Andika F."

Ilaisaane aliandika. Hakucheka.

*

Alirudi nyumbani kwa miguu akisikiliza. Meli ya mizigo ilikuwa inaingia, ikapiga honi, honi aliyoijua miaka kumi na miwili. Ilikuwa imeshuka. Jirani alikuwa na redio dirishani, wimbo wa kufungulia taarifa ya habari ulikuwa umeshuka. Akaingia jikoni akafunga mlango, akaguna mwenyewe sauti ya A, ile ambayo hata akiamshwa usingizini angeitoa. Aliiona ni A, safi. Lakini akakumbuka kwamba Alhamisi iliyopita, na Alhamisi ya kabla yake, akina mama wa sauti ya kwanza walilalamika kwamba nyimbo ziko juu, makoo yanawauma, na yeye akawagombeza kwamba wamekuja mazoezini wameshiba. Akakaa kwenye gunia la viazi. Hawakuwa wameshiba. Ni yeye aliyekuwa akiwapandisha, wiki mbili nzima, bila kujua.

*Ndiyo hii*, aliwaza. *Imefika.*

Toka siku hiyo kila asubuhi, kabla hajainua kichwa kwenye mto wa kulalia, aliwataja wanakwaya wote arobaini na watatu kwa mpangilio wa viti vyao. Kisha wajukuu kwa miaka ya kuzaliwa. Kisha alihesabu kutoka mia kurudi nyuma kwa saba saba, kama daktari alivyomfanyia baba yake. Akikwama kidogo, jasho linamtoka.

"Unaomba?" mumewe, Feleti, aliuliza asubuhi moja. Feleti alikuwa dereva wa lori la mizigo pale bandarini, mtu wa maneno machache.

"Naomba."

"Mbona unaomba hesabu?"

"Lala, Feleti."

Siku moja alisahau sufuria motoni mpaka nazi ikaungua. Kila mwanamke wa Pangai ameshaunguza nazi. Lesieli aliisugua sufuria ile mpaka vidole vikachubuka, akayafukia mabaki nyuma ya banda la nguruwe ili mumewe asione.

Akamwomba Ilaisaane amwekee ile programu kwenye simu yake. "Ya kazi," alisema. Kumbe ilikuwa ya kuficha. Alhamisi, kabla ya mazoezi, alikwenda nyuma ya tangi la maji, akaishikilia simu karibu na mdomo, akaguna mpaka herufi anayoitaka itokee kwenye kioo. Masikio yalimwambia amekosea, yalimpigia kelele kwamba amekosea, naye akayapuuza. Kisha akatembea haraka kuingia ukumbini ameibana sauti ile kooni, kama mtu aliyebeba maji kiganjani, asisalimie mtu njiani.

"Mwalimu siku hizi ana maringo," alisema Nafetalai, kiongozi wa besi, mtu mwenye kifua kama pipa na mdomo usio na kizuizi. "Tunamwamkia, anatupita kama mabango."

"Imba, Nafetalai."

"Naimba, mama. Ila uje siku moja utusalimie, tusije tukadhani tumekufa."

Walicheka, naye akacheka. Kucheka kulimchosha kuliko kuimba. Wimbo ukishaanza ndiyo ilikuwa mateso yenyewe, maana kwaya nzima ilisimama mbele yake ikiimba vizuri, uso wa kila mmoja umetulia, na yeye peke yake aliisikia mahali ambapo haipo. Mikono yake iliongoza kitu ambacho masikio yake yalikikana. Akawa anawatazama midomo badala ya kuwasikiliza.

Akamwamini yule wa kwenye simu kuliko alivyowahi kumwamini mtu.

*

Katikati ya Aprili akafariki bibi Elenoa, mwimbaji wa mwisho aliyebaki katika kwaya ya mwaka sabini na nane. Watoto wake walikuja wamejifunga, kwa desturi, mikeka mikubwa ya msiba iliyowafunika mpaka kifuani, wakakaa chini mbele ya Lesieli, wakamwomba kitu kimoja tu: makaburini uimbwe ule wimbo ambao mama yao aliurekodi akiwa msichana. Kaseti waliisikia. Walitaka uimbwe vilevile, kwenye ufunguo uleule aliouimbia yeye.

"Hilo tu, mwalimu. Hatutaki kingine."

Kwaya iliujua wimbo wenyewe, ila kwa mpangilio mwingine. Walifanya mazoezi ya sehemu sehemu, kila sauti peke yake. Asubuhi ya mazishi Lesieli akaingia chumba cha nyuma peke yake, akaitafuta kaseti hiyo. Ilikuwa ileile waliyoicheza Machi, ila wimbo huu ulikuwa upande wa pili, utepe umekwaruzika, na wimbo wenyewe ulianzia na kuishia mahali pa ajabu, kana kwamba haujafika nyumbani. Sikio lake likamwambia E. Lakini sikio lake lilikuwa mgonjwa. Akaiwekea programu.

Programu ikaandika C.

Akaicheza mara ya pili. C. Akakaa akiitazama ile herufi. Kama ni C, basi sikio halijashuka nusu sauti tu, limepotea kabisa, linatanga. Ugonjwa umeongezeka. Baba yake naye alianza na kidogo.  Nje kengele ilikuwa inalia, watu wanasogea. Hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Ilaisaane alikuwa jikoni msibani na wanawake wengine, na hata kama angekuwapo, angemuulizaje?

Akaandika C kwenye kiganja kwa kalamu ya wino.

Makaburini jua lilikuwa kali, mchanga mweupe unaumiza macho. Watu wasiopungua mia tatu, wote weusi kwa nguo, wamesimama kati ya makaburi yenye maua ya plastiki na mablanketi ya kushonwa. Jeneza likafikishwa ukingoni. Mchungaji akatikisa kichwa kumpa ruhusa. Lesieli akainamia upande, akajifanya anakohoa kwenye kitambaa kilichofunika simu, akaguna mpaka C ikatokea, akageuka, akawapa.

Kwaya ikapokea. Mstari wa kwanza ulitoka chini sana, kama watu wanaoimba wakiwa wamelala. Aliona macho ya Nafetalai yakitanuka. Mstari wa pili wimbo unateremka, na besi wakateremka nao, wakateremka, mpaka pakawa hapana pa kushuka tena. Sauti zao zikageuka pumzi. Akina mama wa sauti ya kwanza walikuwa wananguruma kama wanaume. Mmoja akaacha. Wa pili akaacha. Lesieli aliendelea kupunga mikono, akiwaomba kwa macho, na kwaya ikazimika mbele yake mtu mmoja mmoja, mpaka ikasikika kamba inayoshika jeneza ikikwaruza ubao.

Kimya hicho hakuna aliyewahi kukisikia kwenye mazishi ya Pangai.

Akasikia nyuma yake mwanamke mzee akinong'ona, si kwa ubaya, kwa huruma tu, "Maikolo alianza hivihivi."

Kisha Nafetalai akafungua kifua chake na kuuanza wimbo upya, peke yake, mahali pake panapostahili, pale besi wanapofika bila kujilazimisha. Wakamfuata wote. Ukaimbwa mpaka mwisho, na binti za Elenoa wakalia kama walivyotaka kulia. Lesieli hakuwepo. Alikuwa ameshapita kati ya watu akiwa ameinamisha kichwa, simu ameiacha mchangani.

*

Walimkuta kwenye lori la Feleti, ameketi kiti cha abiria, vioo juu, milango ameifunga kwa ndani. Joto mle lilikuwa la kuoka mkate. Feleti aligonga kioo kwa ukucha, akasubiri, akagonga tena. Mwisho akafungua kwa ufunguo wake, akapanda, akawasha injini ili kiyoyozi kifanye kazi. Ilaisaane akapanda nyuma yao, mavumbi ya kaburini yako miguuni.

"Nimepatwa na ugonjwa wa baba," alisema Lesieli. "Msinibishie. Naujua, niliuuguza."

Akawaeleza yote: kinanda, honi, tangi la maji, hesabu za saba saba, hata nazi. Feleti alisikiliza akiwa ameshika usukani kama anaendesha.

"Na nazi uliifukia wapi?" aliuliza.

"Nyuma ya banda."

"Aa. Nilidhani ni nguruwe wanafukua bure."

Ilaisaane hakucheka. Alikuwa ametoa kompyuta yake kwenye begi. "Shangazi, leo asubuhi, ule wimbo, sikio lako lenyewe lilikwambia nini? Si kompyuta. Wewe."

"E. Sasa ina maana gani?"

"Nafetalai ameuimba F. Na ndiyo sahihi. Nimeusikiliza wimbo ule tangu Machi, naujua kwa kinanda. Kompyuta ilidanganyika kwa sababu wimbo unaishia pasipo nyumbani kwake. Inafanya hivyo, nilikwambia inabahatisha. Wewe ulikosea nusu sauti. Yenyewe ilikosea sauti mbili na nusu." Akavuta pumzi; hakuwa amewahi kumsemesha shangazi namna hiyo. "Sikio lako lilikuwa karibu kuliko yenyewe."

"Karibu si penyewe."

"Niruhusu nikupime. Tafadhali."

Wakampima humo humo ndani ya lori. Ilaisaane alicheza sauti moja moja kwa kompyuta, kioo amekigeuza, Lesieli akataja, Feleti akaandika nyuma ya stakabadhi ya mizigo. Sauti thelathini. Alikosa zote. Feleti alipomaliza kuziandika mbili mbili, alichosikia na kilichopigwa, akaikodolea macho ile karatasi.

"Huyu hakosei ovyo," alisema. "Kila mahali ni hatua ileile. Kama mizani iliyochezewa. Mizani mbovu inaruka, leo inazidi, kesho inapungua. Hii imechezewa."

Lesieli alitazama karatasi. Baba yake hakukosea hivyo. Baba yake alikosea kila mara kwa namna mpya.

"Lini ilianza?" aliuliza Ilaisaane.

"Sijui. Niligundua kwenye kinanda. Ilishaanza kabla."

Ilaisaane alikuwa akirekodi mazoezi ya kila Alhamisi kwa simu, ili wanakwaya waliohamia Auckland wasikilize. Rekodi zote alikuwa nazo. Akaiamuru programu izisikilize kuanzia Januari, nyimbo arobaini na zaidi, iandike ufunguo wa kila moja, na yeye akazilinganisha na vitabu, akitupa zile ambazo kompyuta ilikuwa imebahatisha vibaya. Ilichukua karibu saa nzima. Watu walipita kurudi kutoka makaburini. Baadhi walichungulia ndani ya lori kisha wakaangalia pembeni. Kila uso uliochungulia, Lesieli aliona ndani yake baba yake akichekwa.

"Hii hapa," alisema Ilaisaane. "Tarehe tano Machi, zote ziko pale pale. Tarehe kumi na mbili, zote zimepanda nusu sauti. Tarehe kumi na tisa vilevile. Ishirini na sita zimerudi."

"Hapo nilishaanza kutumia simu."

"Basi ni kati ya tarehe tano na kumi na mbili. Wiki ile kulitokea nini? Ulianguka? Uliumwa?"

"Hakuna. Wiki hiyo nilikuwa mzima kuliko siku zote."

Feleti akazima injini. "Wiki hiyo ndiyo nilikupeleka zahanati," alisema. "Kwa lile shavu."

"Shavu lilipona."

"Lilipona kwa vidonge."

 Lesieli alikuwa na vidonge hivyo kwenye mkoba wake wakati huohuo, vyeupe, viwili kwa siku, alikuwa amekunywa kimoja asubuhi na chai. Aliufungua mkoba, akaishika pakiti kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota nge.

*

Daktari wa hospitali alikuwa msichana kutoka visiwa vya Vava'u, aliyehitimu juzi juzi. Hakuwahi kusikia jambo kama hilo na hakulificha. Akapiga simu Nuku'alofa. Nuku'alofa wakapiga Auckland. Lesieli alikaa kwenye benchi kati ya Feleti na Ilaisaane, akiwa amejiandaa kuambiwa kwamba ni kichwa.

Daktari akarudi akiwa amebeba karatasi aliyoandika mwenyewe. "Ipo," alisema. "Ni nadra, ila inajulikana. Dawa hii inatuliza mshipa wa uso, na kwa watu wachache inashusha sauti wanazozisikia. Nusu sauti, hivyo hivyo. Wengi wakipata hata hawajui, mama. Nani atajua, kama hana sikio kama lako?"

"Nikiacha zitarudi?"

"Kwa wale walioandikwa vitabuni, zilirudi."

"Sikuulizi walioandikwa."

Daktari alikunja karatasi yake. "Sijui, mama. Nadhani zitarudi. Na huwezi kuacha ghafla, ni hatari. Utapunguza kidogo kidogo, wiki mbili. Na shavu huenda likaamka."

Wiki mbili hizo zilikuwa mbaya kuliko zote zilizotangulia. Mwanzoni alikuwa na hofu moja; sasa alikuwa na matumaini, na hofu ikapata kitu cha kung'ang'ania. Shavu liliamka siku ya sita, akiwa anapiga mswaki, likampiga mpaka akashika ukuta. Sikio nalo likaacha kushuka nusu sauti likawa halipo popote, katikati ya ufa, si E wala F, muziki wote umekuwa kama chakula kilichochacha. Akajua kwa hakika kwamba hilo si la dawa, ni lile jingine, limechukua nafasi. Hakumwambia mtu. Aliendelea kutaja wanakwaya arobaini na watatu kila asubuhi, na siku moja Feleti, akiwa amempa mgongo, alimsahihisha: "Umemruka Mele'ana."

"Nimemruka?"

"Hapana. Nilitaka kuona kama unajua."

Alimpiga na mto. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka bila kujilazimisha.

Alikwenda mwenyewe mbele ya kwaya, Alhamisi, akawaeleza: vidonge, simu, tangi la maji, mazishi. Kwa watoto wa Elenoa alishakwenda kabla, na mkeka wa kuomba radhi, na wao wakaukataa mara ya kwanza na kuupokea mara ya pili. Kwaya ilimsikiliza kimya.

"Kwa hiyo zile Alhamisi mbili," alisema Nafetalai, "tuliimba juu, na wewe ukatuambia tumeshiba."

"Ndiyo."

"Mke wangu alininyima chakula cha Alhamisi mwezi mzima kwa ajili ya maneno yako, mwalimu!"

Ukumbi ukalipuka. Lesieli akamkabidhi uongozi mpaka itakapojulikana, akaenda kukaa mstari wa pili na akina mama wa sauti ya pili, mikono mapajani. Nafetalai aliongoza kama mtu anayefukuza kuku.

Waliimba wimbo wa kwanza, naye akauvumilia. Waliimba wa pili. Kwenye ubeti wa tatu alimgusa Mele'ana kiwiko.

"Unashuka," alimnong'oneza.

"Nani, mimi?"

"Wewe. Unawavuta wenzako. Panda."

Mele'ana akapanda. Mstari mzima ukakaa sawa, na Lesieli, mdomo wazi, akaacha kuimba. Kodi ile ilikuwa imesimama mbele yake, sauti zote nne, kila moja mahali pake pa miaka hamsini. Hakuthubutu kusogea. Aliogopa kwamba akigeuza kichwa itateleza. Iliendelea kuwapo ubeti wa nne, na wa tano, na Nafetalai alipofunga mkono kumaliza, ilinyamaza pale pale ilipokuwa.

Ilaisaane, aliyekuwa akirekodi pale mlangoni, alimwona shangazi yake akiwa ameshika shavu, machozi yanamtoka. Akamkimbilia.

"Ni mshipa?"

"Unauma vibaya sana," alisema Lesieli. "Niletee maji. Na usimwambie mtu chochote bado. Tusubiri Alhamisi nyingine."